Neno Akili na Maradhi ya Vijana: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi

Kazi ya kutafsiri maandishi ya afya kwa ajili ya skuli na vyuo vya Unguja imeongezeka katika miaka ya karibuni, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Madodoso, vijitabu vya wanasihi, matangazo ya kubandikwa ukutani na miongozo ya walimu hutoka katika Kiingereza, hupita mikononi mwa mfasiri mmoja au wawili, na mwisho humfikia msichana wa Kidato cha Tatu aliyekaa darasani Mji Mkongwe, au kijana wa mwaka wa kwanza anayepanda daladala kila asubuhi kwenda Tunguu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja katika kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana maradhi ya aina hii. Kwa hesabu hiyo, katika darasa la wanafunzi 50 huenda wako saba ambao maandishi hayo yanawahusu wao wenyewe.

Makusudio ya makala haya ni kuyapima baadhi ya maneno tunayowapa hao saba. Kipimo ninachokitumia ni kimoja: je, mwanafunzi aweza kulitamka neno hili juu ya nafsi yake, mbele ya mwalimu wake au shangazi yake, bila ya kujitukana? Istilahi nyingi zilizopo hazipiti kipimo hicho. Lugha yetu haina lawama katika jambo hili. Maneno imetuwekea tele, nasi tumeyachukua pasipo kuyachagua.

Tuanze na lile lililo mama wa yote, yaani akili. Tunasema afya ya akili, maradhi ya akili, tatizo la akili, daktari wa akili. Mfasiri anayekaa ofisini huliona neno hilo kuwa safi, maana linasimama mahala pa neno la Kiingereza lenye asili ya Kilatini linalohusu fikra na ubongo. Lakini msomaji wetu yuko skuli, na skuli neno akili lina kazi yake maalumu. Mwalimu husema fulani ana akili, maana yake ni hodari wa masomo. Husema fulani hana akili, maana yake ameshindwa hesabu. Akili ndiyo inayopimwa na mtihani wa taifa, ndiyo inayompandisha mtu darasa au kumrudisha nyumbani. Basi mwanafunzi ambaye hajalala vyema kwa wiki tatu, chakula hakimpiti, na rafiki zake amewaepuka, akisomewa kwamba ana tatizo la akili, atakachosikia ni kuwa yeye ni mjinga. Na atalisikia hilo mahala pale pale ambapo akili yake hupimwa kila muhula. Wengi wa wanafunzi hao ndio walio hodari mno wa masomo, na hofu yao kubwa kuliko zote ni kuonekana kuwa akili imewapungua. Hatukuweza kuwatafutia neno baya zaidi.

Maana ya pili ya neno hilo i katika semi: akili zimemruka, kurukwa na akili, hana akili timamu. Semi hizi zinamtaja mtu aliyekwisha kutoka katika jamii ya wenziwe, ambaye watoto humfuata njiani. Na ya tatu i katika sheria. Ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inataja ugonjwa wa akili miongoni mwa sababu zinazoweza kutungiwa sheria ya kumzuia raia kupiga kura. Sitaki kuingia katika uzuri au ubaya wa ibara yenyewe, kwani hiyo ni kazi ya wanasheria. Ninachokiona mimi kwa jicho la istilahi ni kwamba maneno yale yale mawili yanatumika kwa mtu asiyeweza kuchagua kiongozi wake na kwa msichana wa miaka 18 anayeshindwa kulala kwa hofu ya mtihani. Kijana mwerevu akiviweka vijitabu viwili hivyo pamoja, ana haki ya kuogopa. Akinyamaza asimwambie mtu, tusiseme kuwa ni ukaidi.

Wapo watakaosema kwamba aibu hii ya neno haina dawa, kwamba neno lolote tutakaloliweka litachafuka. Na ni kweli kuwa maneno ya maradhi haya huchafuka upesi. Tazama jinsi majina ya mahala yalivyogeuka kuwa tusi. Hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja iko Kidongo Chekundu. Jina ambalo asili yake haikuwa zaidi ya rangi ya udongo leo latosha kumtania mtu. Ndivyo ilivyo Mirembe kwa watu wa Bara, na Mathari kwa watu wa Nairobi. Watu huepa kutaja maradhi wakataja mji, na mji nao ukapata doa. Hata hivyo kuchafuka kwa neno si sababu ya kuanza na lililokwisha kuchafuka.

Je, lipo neno jingine? Waarabu mara nyingi hawasemi akili katika jambo hili. Husema afya ya nafsi. Wataalamu wetu nao waliposanifu jina la taaluma yenyewe walilijua hilo, ndipo tukapata elimunafsi, ijapokuwa saikolojia ndilo lililoshinda midomoni mwa watu. Nafsi ina faida kubwa: haipimwi kwa mtihani. Ina na hasara yake, kwani katika visiwa hivi nafsi ni neno la dini pia, ni ile inayoamrisha mabaya na kutakiwa ipigwe vita. Mtu mwenye maradhi ya nafsi aweza kudhaniwa kuwa ana choyo au uasi. Moyo ungefaa zaidi ya yote, maana mazungumzo ya kila siku ya Waunguja huyaweka mambo haya moyoni: moyo mzito, moyo umejaa simanzi, moyo hautulii. Lakini maradhi ya moyo tumekwisha kuwapa madaktari wa presha, na anayekwenda kituo cha afya akasema moyo wamsumbua hufungwa kile kitambaa mkononi, akaambiwa presha yako nzuri, nenda nyumbani.

Maoni yangu ni haya. Afya ya akili iachwe mahala pake katika majina ya sera, idara na sheria. Imekwisha kuenea nchi nzima na kuing'oa kutaleta vurugu kubwa kuliko faida. Bali katika maandishi yanayosomwa na mwanafunzi mwenyewe, maradhi yatajwe kwa jina lake mahususi, moja moja, na lile neno la jumla lisimtangulie kama bango. Hakuna anayemwambia mwenye malaria kwamba ana ugonjwa wa damu. Kwa nini anayesononeka aambiwe ana ugonjwa wa akili?

Hapo tunafika kwenye majina mahususi, nako ndiko kwenye fujo kubwa. Katika makaratasi yaliyopita mezani pangu nimeona hali moja, ile ambayo vijana wetu huiita depresheni, ikiitwa huzuni, sonona, unyogovu na mfadhaiko. Hiyo ni hali moja kwa majina manne. Kisha nikaona mfadhaiko huo huo, katika ukurasa unaofuata wa kijitabu kile kile, ukisimama badala ya stresi, na katika kijitabu kingine badala ya hofu isiyokuwa na sababu. Hiyo ni hali tatu kwa jina moja. Mwalimu aliyepewa vijitabu vyote viwili awafundishe nini wanafunzi wake?

Huzuni haifai, na sababu yake inajulikana na kila aliyewahi kukaa matangani. Huzuni ni haki ya mfiwa. Inayo siku zake tatu za matanga, na kwa mjane inayo eda yake ya miezi minne na siku kumi, na jamii nzima inajua namna ya kuipokea. Tukiifanya huzuni kuwa jina la maradhi, tumemfanya kila mfiwa kuwa mgonjwa. Na kinyume chake, tumempa mgonjwa jina la kitu ambacho kila mtu atamwambia kuwa kitapita, asubiri. Unyogovu nao, ambao umeenea sana katika tafsiri zitokazo nje ya Tanzania, sikio la Mwunguja hulisikia jirani na unyonge na ulegevu. Kijana asiyeweza kuinuka kitandani amekwisha kuitwa mvivu na nyumba nzima. Hahitaji kijitabu kije kukubaliana nao.

Sonona ndiyo istilahi iliyoanza kushika miongoni mwa wauguzi na madaktari wa Tanzania, nami naiunga mkono kwa sababu ambayo sijaona ikitajwa. Wengi huitetea kwa kuwa ni neno lisilokuwa na kazi nyingine na hivyo halichanganyi maana. Hilo ni kweli, lakini nguvu yake iko kwenye unyambuaji. Kitenzi sononeka kimo katika kamusi zetu kwa maana ya kuumia moyoni, na kwa hiyo mtu aweza kusema: nasononeka, nimesononeka, kilichonisononesha ni hiki. Aweza kuitia katika wakati uliopita: nilikuwa nikisononeka. Istilahi ambayo mgonjwa aweza kuinyambua katika nafsi ya kwanza humpa njia ya kuingia katika maradhi na kutoka. Jaribu kufanya hivyo kwa ugonjwa wa akili. Huwezi, unabaki kuwa mgonjwa wa akili, jina la mtu, kama mtu anavyokuwa mrefu au mfupi.

Kasoro ya sonona ni kwamba wanafunzi hawaijui. Ukiwauliza watakwambia depresheni, na wengi hawatasema hata hilo. Watasema sina raha. Maneno hayo mawili, sina raha, ndiyo ninayoyaona kuwa mlango wa kweli katika Unguja. Kijana humwambia bibi yake, humwambia rafiki yake, na yeyote mwenye kumpenda ataacha alilokuwa akilifanya na kumwuliza kwa nini. Kijitabu kilichoandikwa vizuri kingeanza na kukosa raha, kikafika kwenye kusononeka, na mwisho kabisa kikaitaja sonona kuwa ni jina la kitaalamu la kusononeka kunakodumu wiki mbili na zaidi, kukamzuia mtu kula, kulala, kusoma na kuwa na wenziwe. Vingi vya vijitabu vyetu hufuata njia iliyo kinyume: huanza na istilahi kwa herufi nzito, na kuifasili kwa istilahi nyingine tatu.

Kuhusu stresi, msongo wa mawazo ni istilahi njema na imeenea; ina picha ndani yake, ya mawazo yaliyosongamana kama watu mlangoni. Ibakie kwa mashaka yanayomsonga mtu kutoka nje: ada, kambi za masomo, mitihani, ugomvi wa wazazi. Si maradhi, na isiandikwe kama kwamba ni maradhi. Kiwewe kwa athari ya tukio la kutisha kimekwisha kukubalika na sina la kuongeza.

Wasiwasi wataka maneno zaidi. Karibu wafasiri wote wameufanya kuwa istilahi ya hofu ya kudumu, ile inayomfanya mtu atokwe na jasho na moyo umwende mbio pasipo kuona kitu. Kwa msomaji wa Bara pengine hapana ubaya. Kwa msomaji wa Unguja neno hili lina historia. Mtoto hulihifadhi katika Sura ya An-Nas kabla ya kujua kusoma hati za Kirumi, na huko linahusu mnong'ono wa shetani kifuani mwa watu. Kisha hulisikia msikitini na nyumbani kwa maana finyu kabisa: mtu wa wasiwasi ni yule anayetawadha akarudia, akarudia tena, hana yakini kama maji yamefika, anayetia nia ya sala akaikata na kuanza upya mpaka imamu amekwisha kurukuu. Kila mtaa unamjua mtu kama huyo. Humcheka kidogo na kumhurumia.

Sasa, hayo ni maradhi yanayojulikana sana na madaktari, nayo ni mengine kabisa na hofu. Ni maradhi ya fikra zinazong'ang'ania na vitendo vinavyorudiwa, na mara nyingi huanza katika ujana. Kiswahili cha pwani kilikuwa nalo jina lake tayari, jina sahihi, lenye mfano wake hai msikitini, na wafasiri wakalichukua wakalipa hali nyingine. Hasara ni mbili. Msichana mwenye hofu ya kudumu, akisomewa kuwa ana wasiwasi, hufahamu kwamba imani yake ina upungufu au shetani amemwingia kifuani. Na kijana anayeosha mikono mpaka ngozi ikapasuka hana tena neno la kumweleza daktari. Napendekeza wasiwasi urudishwe kwa wenyewe, na hofu ya kudumu iitwe wahaka, neno ambalo wazee wetu hulitumia kwa mtu asiyetulia kwa kungojea jambo asilolijua. Jakamoyo nalo ni zuri, tena lina moyo ndani yake. Lakini naona laelekea zaidi kwa hofu ya ghafla, na lingefaa kwa yale mashambulio mafupi ya hofu ambayo sasa huandikwa kwa maneno matano au sita.

Kutoka kwenye majina twende kwenye maswali, kwa kuwa huko ndiko kosa la tafsiri linakoweza kumpotezea mtu maisha yake. Dodoso linalotumika sana duniani kupimia sonona ni lile la maswali tisa ambalo Kroenke, Spitzer na Williams wa Marekani walilichapisha mwaka 2001. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla ni 27. Ni dodoso jepesi. Mwalimu mnasihi aweza kulisoma kwa dakika tano. Wepesi huo ndio unaowadanganya wafasiri wakadhani kuwa kutafsiri maswali tisa ni kazi ya asubuhi moja.

Chukua swali la usikivu, ambalo kwa asili hutoa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Mwanafunzi wa Unguja hasomi gazeti. Mfano wake ni kudurusu, au kufuata somo darasani, au kuhifadhi aya aliyopewa chuoni. (Na hapa tahadhari kwa wenzetu wa Bara: chuo kwa Mwunguja ni kwanza chuo cha Kurani. Dodoso lililoandikiwa wanafunzi wa vyuo laweza kujibiwa na mtoto wa miaka saba.) Chukua swali la kula kidogo au kula kupita kiasi: likiulizwa katikati ya Ramadhani, kila mtu atapata alama. Chukua swali la kujiona umeshindwa. Tafsiri ya neno kwa neno humwuliza mtu kama amejiangusha yeye na familia yake. Lakini kijana wa hapa hajioni kuwa ameangusha familia, huona kuwa amewatia aibu wazee wake, na neno aibu ndilo litakalomfanya ainue macho.

Swali la tisa ndilo zito. Linauliza kuhusu fikra ya kuwa ingekuwa afadhali mtu afe, au ajidhuru. Hapa nimeona makosa ya namna mbili. Wengine hutafsiri kwa maneno ambayo katika Kiunguja ni ya kulalamika tu. Bora nife, mama husema hivyo watoto wakimchosha, na hakuna anayeshituka. Swali likiulizwa hivyo litajibiwa ndiyo na watu wasio na jambo. Wengine, kwa kuona haya au kwa kuchelea dini, huliviringisha swali katika kujidhuru na fikra mbaya mpaka likapoteza maana, na aliye hatarini akajibu hapana kwa kuwa hakuulizwa. Lafaa kuulizwa waziwazi: je, umefikiria kujiua? Wataalamu wa maradhi haya wamekubaliana kwamba kumwuliza mtu swali hilo hakumtii fikra hiyo kichwani. Wengi hupumua kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyeuliza. Mfasiri anayelainisha swali la tisa anadhani anafanya adabu.

Ubora wa kazi ya namna nyingine umekwisha kuonekana papa hapa nchini. Mwaka 2008 Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya dodoso la maswali 19 la Dar es Salaam, lililojengwa kutokana na namna watu wa hapa wanavyoyaeleza mashaka yao. Njia hiyo ndiyo ninayoiombea Unguja. Huko Zimbabwe nako, mradi wa Benchi la Urafiki alioanzisha Daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 haukujisumbua kutunga jina jipya. Ulichukua neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, na mabibi waliofunzwa wakaketi kwenye mabenchi nje ya zahanati kuwasikiliza wanaofikiri kupita kiasi. Kiswahili kina ndugu wa neno hilo: ana mawazo. Mtu akisema fulani siku hizi ana mawazo, hakuna anayeuliza mawazo ya nini. Hata hivyo sijaona dodoso moja la skuli linalouliza, je, una mawazo?

Waandishi wa fasihi walikuwa mbele yetu katika hili. Euphrase Kezilahabi alimwandika msichana wa masomo katika Rosa Mistika ya mwaka 1971 na mwanachuo Kazimoto katika Kichwamaji ya mwaka 1974, na wote wawili wanajiua. Msomaji aliifahamu dhiki yao barabara, wakati ambapo istilahi hizi tunazozibishania hazijatungwa.

Na kwa kuwa nimelitaja neno kujiua, kuna jambo moja la magazeti. Kiswahili cha habari hupenda vitenzi vinavyobeba njia ya kifo ndani yake. Mwanafunzi hatajwi kuwa amejiua bali hutajwa kwa kitenzi kinachosema hasa alivyofanya, tena katika kichwa cha habari, tena kwa wino mwekundu. Shirika la Afya Duniani huwaomba wanahabari wasieleze njia, kwa kuwa vijana walio katika hali hiyo huiga. Lugha nyingine hulazimika kuongeza maneno ili kueleza njia. Sisi kitenzi kimoja chatosha kuvunja mwongozo mzima, na kwa hivyo wahariri wetu wana kazi ambayo mwongozo wa Kiingereza haukuiona. Amefariki kwa kujiua yatosha. Wala pasiandikwe kuwa ametenda kosa la kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha sheria ya nchi hiyo kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinapingana na katiba, na lugha isiendelee kuhukumu pale mahakama inapoacha.

Limebaki suala la pepo. Skuli zetu, hasa za wasichana, huwa na siku ambazo mmoja huanguka akipiga kelele, kisha wa pili, kisha kumi. Wazazi husema wamepandwa. Vijitabu husema ni imani potofu, na hapo mazungumzo hufungwa, maana mzazi aliyeambiwa kuwa imani yake ni potofu hatarudi tena kwa mnasihi. Lakini jina la upande wa pili nalo laweza kudanganya vivyo hivyo. Mwaka 1962 katika skuli ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko na kilio kilichowarudia kwa saa na hata siku, na skuli ikafungwa mwezi Machi. Dunia nzima imelikumbuka tukio hilo kwa jina la ugonjwa wa kucheka, na hadi leo husimuliwa kama kichekesho. Kilio, hofu na kutotulia kwa watoto wale havikuingia katika jina, na kwa hiyo havikuingia katika kumbukumbu. Mfasiri asiite pepo, wala asiite imani potofu. Aandike kile kinachoonekana: wanafunzi wameanguka, wamelia, wametetemeka, kisha aeleze mahala pa kuwapeleka. Mzazi anayetaka kumwita shehe ataita, na daktari naye atapata nafasi yake.

Tusije tukadhani kuwa hakuna lililofanikiwa. Vijana wanaotumia unga walikuwa wakiitwa mateja au wala unga, na wengine bado huitwa hivyo. Lakini neno mraibu, kutokana na uraibu ambao zamani ulikuwa wa tambuu na tumbaku, limeingia katika maandishi ya serikali na vinywani mwa watu bila ya matusi. Na zile nyumba wanamokaa ili kuacha, huku Zanzibar huitwa nyumba za upataji nafuu. Sijui mtungaji wake, lakini ningemwamkia. Nafuu ndilo neno tunalomwuliza kila mgonjwa: umepata nafuu? Halimwahidi mtu kupona kabisa, wala halimtaji kwa maradhi yake. Mtu aweza kumwambia teksi ampeleke nyumba ya upataji nafuu bila ya kuinamisha kichwa.

Kazi iliyo karibu ni ya sheria. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania Bara, na wafasiri wa serikali wanazipitia sheria moja baada ya nyingine. Maneno ya zamani ya Kiingereza kwa watu hawa yalikuwa makali, na katika rasimu mtu hushawishika kuyajibu kwa mwendawazimu, ambalo asili yake ni moja na mzimu, au kwa punguani na taahira, ambayo hayana nafasi tena katika maandishi ya dola. Mtu mwenye maradhi ya akili ni tafsiri inayoweza kusimama mahakamani. Ila ikiwa sheria inahusu mwanafunzi aliye chini ya miaka 18, na inamtaja ili apewe matibabu, lingefaa jina mahususi la maradhi liwekwe pale palipowezekana, kwa sababu cheti kitakachotoka katika sheria hiyo kitasomwa na mwalimu mkuu.

Walimu wa skuli za Unguja na Pemba, na wanasihi wa vyuo, wanaombwa kutuandikia maneno wanayoyasikia kwa wanafunzi wao pale wanapoeleza kwamba hawana raha, pamoja na mahala yaliposikika na umri wa msemaji, bila ya jina lake. Wahaka na jakamoyo yatajadiliwa katika kikao kijacho cha istilahi za afya, na wenye hoja za kuyapinga wazilete kabla ya hapo.